Nina presha na nguvu za kiume zimepungua: nimeze kidonge au nitumie mitishamba?

Swali: Msomaji mwenye umri wa miaka 49 anaandika kwamba alianza dawa za presha mwaka juzi, atenolol pamoja na hydrochlorothiazide, na miezi michache baadaye uume ukaanza kulegea katikati ya tendo, au kukataa kabisa. Rafiki yake alimpa kidonge cha sildenafil (inayojulikana zaidi kama Viagra) cha miligramu 100, akameza nusu. Kilifanya kazi, lakini kichwa kilimgonga na uso ukamwaka hadi akaogopa. Sasa kuna mtu anamshawishi anunue kapsuli za mitishamba zinazosemekana kufanya kazi ndani ya nusu saa bila madhara yoyote. Anauliza: vidonge vya hospitali vinaua moyo? Na je, ipo tiba ya asili inayosaidia kweli?

Ndugu yangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutoa pesa. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Kati ya kile kidonge na hizo kapsuli, kapsuli ndizo zinazonitia wasiwasi. Na kabla ya vyote viwili, ningeanza kuzichunguza dawa zako za presha.

Uume husimama kwa nguvu ya damu. Hamu inapoamka, neva za uume hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, ambayo huilegeza misuli laini ya mishipa. Mishipa ikilegea, damu huingia kwa wingi na kubanwa humo ndani. Mwili pia una kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuizima hali hiyo mambo yakiisha. Sildenafil, tadalafil na ndugu zao wanakizuia hicho kimeng'enya tu. Ndiyo maana mtu akimeza kidonge akakaa anaangalia taarifa ya habari, hakuna kitakachotokea: dawa haileti hamu, inaisaidia damu kukaa pale hamu ikishakuwepo.

Sildenafil haikutafutwa kwa ajili ya kitandani. Watafiti wa kampuni ya Pfizer huko Sandwich, Uingereza, walikuwa wanatafuta dawa ya maumivu ya kifua yanayosababishwa na mishipa ya moyo. Kwa moyo haikufua dafu, lakini wanaume waliojitolea kuijaribu wakaanza kueleza jambo jingine. Marekani iliiruhusu mwaka 1998, mwaka uleule ambao wanasayansi watatu walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kazi ya naitriki oksaidi katika mishipa ya damu. Nakueleza historia hii kwa sababu inajibu hofu yako: dawa hii hutanua mishipa, na haichagui ya uume peke yake. Ya kichwani ikitanuka, kichwa kinagonga. Ya usoni ikitanuka, uso unawaka. Pua huziba, kiungulia hupanda, na wengine huona vitu vikiwa na rangi ya bluu kwa saa chache. Tadalafil nayo hupenda kuleta maumivu ya mgongo na misuli. Ulichokipata wewe ni madhara ya kawaida kabisa, hayakuwa dalili kwamba moyo unagoma.

Hatari ya kweli iko penginepo, nayo ina jina: nitrati. Hizi ni dawa za maumivu ya kifua, kama nitrogliserini inayowekwa au kupuliziwa chini ya ulimi, na isosorbide inayomezwa kila siku. Nitrati huongeza naitriki oksaidi, sildenafil inazuia kuzimwa kwa kazi yake. Zikikutana, presha inaweza kuporomoka hadi damu isifike vizuri kwenye ubongo na moyo. Hapa hakuna cha kupunguza dozi wala kuachanisha kwa saa mbili tatu. Anayetumia nitrati hapewi dawa hizi, basi. Zile chupa ndogo za kunusa ambazo watu hutumia kwenye starehe, maarufu kama "poppers", nazo ni jamii hiyohiyo.

Tatizo hili huwa baya zaidi kwa sababu ya aibu. Mwanaume anafikishwa hospitali usiku, ameshika kifua, jasho linamtoka. Muuguzi anaandaa dawa ya kuweka chini ya ulimi na kumuuliza kama ametumia dawa yoyote leo. Mke amesimama pembeni. Mgonjwa anatikisa kichwa: hapana. Nakuomba, siku ikitokea, hata kama chumba kimejaa wakwe, sema. Baada ya sildenafil inatakiwa zipite angalau saa 24 kabla ya kupewa nitrati, baada ya tadalafil saa 48, na madaktari wana njia nyingine za kukuhudumia wakati huo. Wanachohitaji ni kujua.

Wengine wanaopaswa kuwa waangalifu ni wanaotumia dawa za kulegeza njia ya mkojo kwa ajili ya tezi dume, kama tamsulosin na doxazosin, kwa kuwa nazo hushusha presha. Wanaotumia ARV zenye ritonavir au cobicistat wanahusika pia, na hili halisemwi vya kutosha. Dawa hizo hulifanya ini lichelewe kuitoa sildenafil mwilini, hivyo kidonge kimoja kinageuka kuwa kama kadhaa. Kwa mtu wa ritonavir kiwango cha juu ni miligramu 25 ndani ya saa 48. Baadhi ya dawa za fangasi kama ketoconazole na itraconazole, antibayotiki kama erythromycin na clarithromycin, hata juisi ya balungi, zina tabia hiyo kwa viwango tofauti. Aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miezi sita iliyopita, mwenye presha iliyopita 170 kwa 110 au iliyo chini ya 90 kwa 50, na mwenye ini lililoharibika sana, hao wasiguse mpaka daktari aseme. Mwenye selimundu ana hatari zaidi ya uume kusimama na kukataa kulala. Hali hiyo ikipita saa nne, kwa mtu yeyote yule, ni dharura ya kwenda hospitali usiku huohuo. Anayesubiri kukuche anaweza kupoteza uwezo wake moja kwa moja. Mara chache sana, jicho moja hupoteza uwezo wa kuona ghafla au sikio kuziba ghafla. Ikitokea, acha dawa na uende ukaonwe.

Sasa wewe. Atenolol na hydrochlorothiazide hazigombani na sildenafil kama nitrati zinavyogombana. Presha hushuka kidogo zaidi, na wengi hulivumilia hilo vizuri. Nusu ya kidonge cha 100 ni miligramu 50, kiwango ambacho madaktari wengi huanzia. Kwa hiyo hukufanya jambo la kukuua. Ulichokosea ni kumeza dawa ambayo hujui imetoka wapi, bila kupima presha, na bila kujua hali ya moyo wako. Kipimo cha haraka ambacho madaktari hukitumia ni ngazi: kama unapanda ghorofa mbili kwa mwendo wa haraka bila kifua kubana wala pumzi kukatika, kwa kawaida moyo unalimudu tendo la ndoa. Kama hupandi, kidonge si mazungumzo ya kuanza nayo.

Turudi kwenye zile kapsuli. Neno lililonishtua katika barua yako ni "nusu saa". Sijui mmea hata mmoja uliothibitishwa kumsimamishia mwanaume uume ndani ya nusu saa. Ninachokijua kinachofanya kazi kwa kasi hiyo ni dawa ya kiwandani, na ndiyo inayokutwa ndani. Uchambuzi wa taarifa za mamlaka ya dawa ya Marekani za kuanzia 2007 hadi 2016 ulikuta bidhaa 776 zilizouzwa kama virutubisho huku zikiwa zimefichwa dawa ndani yake. 353 kati ya hizo ziliuzwa kwa ajili ya nguvu za kiume. Kilichofichwa mara nyingi kilikuwa sildenafil yenyewe au dawa zilizoundwa kufanana nayo, ambazo hazijawahi kupimwa kwa binadamu. Kwa maneno mengine, unaikimbia sildenafil ya miligramu 50 inayojulikana, unaenda kumeza sildenafil ya kiwango ambacho hata muuzaji hakijui. Na mwenye nitrati mfukoni anaimeza akiwa na amani, kwa sababu ameambiwa ni majani.

Na sildenafil ikifichwa humo, hiyo ni afadhali. Mwaka 2008 hospitali za Singapore zilianza kupokea watu wasio na kisukari waliozimia kwa sukari kushuka. Ndani ya miezi mitano hivi wakafika 150. Chanzo kilikuwa dawa haramu za nguvu za kiume zilizochanganyika na glibenclamide, dawa ya kushusha sukari. Saba walibaki hawajitambui kwa sababu ubongo ulikuwa umeumia, na wanne baadaye walikufa.

Nikishika kopo la namna hiyo huwa naangalia kwanza namba ya toleo na anwani ya kiwanda. Mara nyingi hakuna, au kuna jina la nchi tu. Halafu nasoma maandishi madogo ya nyuma. Ukikuta kopo la "mimea asilia asilimia mia" linaloonya kwamba wagonjwa wa moyo wasitumie, na kwamba umeze kimoja saa moja kabla ya tendo, basi mtengenezaji amekwisha kukuambia alichoweka ndani.

Haina maana kwamba kila mmea ni utapeli. Baadhi umepimwa kwa dhati, na matokeo ni haya. Ginsengi ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Tathmini ya pamoja ya tafiti iliyotolewa mwaka 2021 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokagua tafiti za tiba, iliona kwamba athari yake kwenye kusimama kwa uume, ikipimwa kwa vipimo vinavyoaminika, ni ndogo mno. Tribulus, inayosifiwa kwamba hupandisha homoni ya kiume, testosteroni, haijaonyesha hilo kwa wanaume kwa namna ya kuaminika. Epimedium, mmea wa Kichina, una kiini kinachozuia kimeng'enya kilekile cha sildenafil, ila kwa udhaifu, na ushahidi mwingi ni wa maabara. Magome ya yohimbe yanayotoka Afrika ya Magharibi na ya Kati yana kemikali yenye nguvu kweli, lakini hupandisha presha, huufanya moyo uende mbio na kuleta wasiwasi mkubwa. Wewe mwenye presha, hilo hata usilionje.

Kirutubisho ambacho ningekizungumzia kwa heshima kidogo ni arginini, malighafi ambayo mwili huitumia kutengeneza naitriki oksaidi. Kwa wenye tatizo dogo hadi la wastani, gramu 1.5 hadi 5 kwa siku imewasaidia baadhi, na si kwa nguvu ya kidonge. Lakini hata hiyo ina mipaka: jaribio moja la Marekani kwa watu waliotoka kupata mshtuko wa moyo lilisimamishwa, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2006, baada ya watu sita waliokuwa wakipewa arginini kufariki na hakuna aliyefariki upande wa waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Zinki husaidia aliyepungukiwa na zinki. Mwenye ya kutosha anajichosha tumbo bure.

Sasa nataka tuziangalie dawa zako za presha. Hydrochlorothiazide na dawa za jamii ya atenolol zinajulikana kuweza kupunguza nguvu za kiume, na tatizo lako lilianza miezi michache baada ya kuzianza. Inawezekana ndizo. Ila kuna jambo la kuchekesha kidogo ambalo huwa nawasimulia wagonjwa. Watafiti wa Italia, mwaka 2003, waliwapa atenolol wanaume 96 ambao hawakuwa na tatizo hili. Waliomeza bila kujua ni dawa gani, waliopata tatizo walikuwa asilimia 3.1. Walioambiwa jina la dawa tu, 15.6. Walioambiwa jina na kwamba inaweza kuharibu mambo kitandani, 31.2. Dawa ni ileile! Waliopata tatizo walipopewa sildenafil au kidonge kisicho na dawa, vyote viwili viliwasaidia karibu sawa. Kwa hiyo hofu nayo ina mkono wake, na sasa nimekuongezea nyingine. Nisamehe, ila ni bora ujue.

Namna rahisi ya kubahatisha chanzo ni asubuhi. Kama unaamka umesimama vizuri siku nyingi, au ukiwa peke yako mambo yanakwenda, mishipa na neva ziko salama kwa kiasi kikubwa na akili inastahili kuangaliwa. Kama hata asubuhi kumekuwa kimya kwa miezi, tutafute mwilini.

Usiache atenolol kwa uamuzi wako, hata kwa siku mbili za kujaribu. Ikikatwa ghafla, mapigo na presha vinaweza kuruka juu, na kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba hiyo ni njia ya kupata mshtuko wa moyo. Rudi kwa daktari na umwambie neno moja tu: dawa hizi na nguvu zangu haziendani, naomba tubadilishe. Kuna dawa kama losartan ambazo kwa kawaida haziingilii mambo haya, na hata ndani ya jamii ya atenolol kuna nebivolol ambayo huwa na nafuu zaidi. Daktari anaweza kuwa na sababu ya kukuacha kwenye atenolol, basi akueleze.

Na hata dawa zikionekana ndizo, omba upimwe sukari, lehemu, na testosteroni, hii ya mwisho damu ichukuliwe asubuhi kwa kuwa jioni hushuka. Mishipa inayopeleka damu uumeni ina upana wa milimita 1 hadi 2. Ya moyo ni 3 hadi 4. Uchafu uleule ukianza kuganda kwenye kuta, mwembamba hulalamika kwanza. Ndiyo sababu kwa wanaume wengi tatizo hili hutangulia dalili za moyo kwa miaka miwili hadi mitano. Anayelificha kwa kapsuli anazima king'ora huku moto unaendelea.

Tiba ya asili ipo, kwa kweli, ila haiuzwi kwenye kopo. Mwaka 2004 ilichapishwa kazi ya Italia iliyofuata wanaume 110 wanene wenye tatizo hili kwa miaka miwili. Nusu walisimamiwa kwa karibu kupunguza kula na kuongeza mazoezi, nusu walipewa ushauri wa jumla. Katika kundi la kwanza 17 walirudi kwenye hali ya kawaida bila dawa. Katika la pili, watatu. Si muujiza, wengi hawakurudi kabisa. Lakini hakuna mzizi ninaoujua wenye matokeo hayo. Mazoezi yaliyoonyesha faida ni ya kukutoa jasho, kutembea kwa kasi, baiskeli, kuogelea, dakika 40 hivi mara nne kwa wiki, kwa miezi sita. Kama unavuta sigara, kuiacha kuna uzito kuliko kirutubisho chochote. Pombe nyingi huzima neva. Kukoroma kwa nguvu huku pumzi ikikatika usingizini nako kunahusika, na watu hawalitaji mpaka waulizwe.

Kuna zoezi moja ambalo wanaume hulidharau kwa sababu wanadhani ni la wajawazito. Ni la misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobana damu isitoke uumeni. Simama mbele ya kioo bila nguo, kaza kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa wakati mmoja. Ukipatia, utaona shina la uume likiingia ndani kidogo na korodani zikipanda. Tumbo, makalio na mapaja yatulie, na usizuie pumzi. Shikilia hadi sekunde kumi, legeza kwa muda uleule, rudia mara chache ukiwa umesimama, umekaa na umelala, kila siku. Katika jaribio moja la Uingereza la wanaume 55, baada ya miezi sita asilimia 40 walikuwa wamerudi sawa na asilimia 35.5 walikuwa wamepata nafuu. Wiki za mwanzo hutaona kitu, na wengi huachia hapo.

Kuhusu kidonge, ukishapimwa na daktari akakubali, kitumie inavyotakiwa. Sildenafil humezwa saa moja hivi kabla, na mlo mzito wenye mafuta huichelewesha. Tadalafil haijali chakula na hudumu hadi saa 36. Ipo pia ya dozi ndogo ya kila siku kwa asiyependa kupanga saa. Usimeze zaidi ya mara moja kwa siku, na usichanganye mbili. Jaribu kwa utulivu mara sita hadi nane kabla ya kusema imeshindwa, kwa sababu mara ya kwanza wasiwasi huwa mwingi kuliko damu. Ikishindwa kweli, usirudi kwa muuza kapsuli: pampu ya kuvuta damu na sindano ya alprostadil vipo, na daktari wa njia ya mkojo atakuonyesha namna ya kuvitumia.